Meya wa Mji Uliomezwa

Mtu wa kwetu akikwambia ametua Toronto, ujue ametua Mississauga. Uwanja wa ndege wa Pearson, ambao kila tiketi inauita wa Toronto, karibu wote umo ndani ya mipaka ya Mississauga, mji jirani wa upande wa magharibi. Kwa ndugu walioko Tanga, Mombasa au Bukavu tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwao sote ni watu wa Toronto, na michango ya misiba na harusi inatufikia kwa jina hilohilo. Nami nimeishi huku miaka mingi hivyohivyo: mtu wa Toronto kwenye simu, mtu wa Mississauga kwenye kodi ya nyumba.

Ndani ya Mississauga kuna mji mwingine, mdogo, uliomezwa. Unaitwa Streetsville. Uko kando ya mto Credit, na barabara yake kuu, Queen Street, bado ina sura ya mji wa zamani: maduka ya matofali yaliyobanana, vinyozi, baa, kanisa, njia za miguu ambamo watu wanasalimiana. Kila mwanzoni mwa Juni barabara hiyo hufungwa magari yasipite, gwaride likapita, na watu wakafanya sikukuu ya Mkate na Asali. Mkate kwa sababu ya kinu cha unga kilichopo pale mtoni, asali kwa sababu ya wafugaji nyuki. Unapewa kipande chako bure, kimepakwa asali, unakula umesimama huku inakuchuruzika mkononi. Sikukuu hiyo ilianza mwaka 1973, mwaka wa mwisho wa Streetsville kuwa mji unaojitegemea.

Meya wake wa mwisho alikuwa Hazel McCallion.

Alizaliwa Februari 14, 1921 huko Port-Daniel, pwani ya Quebec, kwenye familia ya wavuvi. Alicheza mpira wa magongo wa barafuni kwa malipo mjini Montreal, dola tano kwa mechi, wakati ambapo wanawake wachache walilipwa kwa kucheza chochote. Akafanya kazi katika kampuni ya uhandisi ya Canadian Kellogg (siyo ile ya nafaka za asubuhi), akaolewa na Sam McCallion mwaka 1951, wakahamia Streetsville. Sam alikuwa na gazeti dogo la mji. Mkewe aliingia kwenye bodi ya mipango miji, kisha kwenye baraza, na mwaka 1970 akawa meya. Ni mwaka uleule ambao Margaret Kenyatta alishika umeya wa Nairobi, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuukalia. Mmoja alikuwa binti wa Rais, akiongoza jiji kuu la nchi. Mwenzake alikuwa na mji ambao watu wake hawakufika 10,000.

Serikali ya jimbo la Ontario wakati huo ilikuwa na mpango wa kuunganisha miji midogo. Streetsville ilitakiwa iingizwe Mississauga pamoja na Port Credit, mji mwingine mdogo wa kando ya Ziwa Ontario. McCallion aliongoza upinzani. Alipiga kelele na kupeleka hoja, na watu wake walikuwa nyuma yake. Akashindwa. Januari 1, 1974 Streetsville ikafutwa kwenye orodha ya miji, na meya wake hakuwa tena na mji.

Hapa ndipo mtu wa kwetu angesusa.

Nalisema hili nikiwa na ushahidi. Niliwahi kuwa katibu wa chama kimoja cha jamii yetu huku, na jina lake nitalihifadhi. Tulikuwa na katiba yenye kurasa nyingi kuliko wanachama. Siku ya uchaguzi ukumbi ulijaa, watoto wakikimbizana kati ya viti, akina mama nyuma wakipakua pilau na kachumbari, na mzee mmoja aliyeaminiwa na pande zote mbili akahesabu karatasi kwa sauti. Aliyeshindwa uenyekiti alimpa mshindi mkono, akala pilau, akaondoka. Mwezi haukuisha tukasikia kuna chama kipya. Jina lake lilitofautiana na letu kwa neno moja tu, na ajenda zake zilikuwa zetu bila mabadiliko. Familia zikagawanyika. Ukifiwa, unapigiwa simu na makatibu wawili, kila mmoja anataka kujua kwanza kama mwenzake ameshapiga.

Nimeyaona hayo kwa Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi. Wasomi wanasusa, na wabeba maboksi wanasusa. Sababu haiwi sera hata siku moja. Ni uso. Mtu anaona kwamba akibaki kuwa mwanachama wa kawaida chini ya aliyemshinda, ameaibika mbele ya watu. Kwa hiyo anahama na uenyekiti wake, hata kama ni uenyekiti wa watu kumi na wawili.

McCallion aligombea udiwani katika mji uleule aliopinga usizaliwe. Akapata. Yeye aliyekuwa meya akakaa kwenye kiti cha diwani kuanzia 1974, katika baraza la watu ambao baadhi yao walifurahi mji wake ulipofutwa. Akasoma bajeti na ramani, akajua mabomba yanapita wapi. Mwaka 1978 alimshinda meya aliyekuwa madarakani, Ron Searle, akawa meya wa Mississauga nzima. Akakaa miaka 36. Streetsville ilimezwa, kisha ikamtawala aliyeimeza.

Mji wa Toronto wenyewe una kisa kinachofanana na hicho, nacho kinatuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyojua. Mwaka 1998 serikali ya jimbo iliunganisha miji sita, yaani Toronto, North York, Scarborough, Etobicoke, York na East York, kuwa jiji moja. Mwaka mmoja kabla, wakazi walipigishwa kura ya maoni na zaidi ya robo tatu ya waliopiga walikataa. Haikusaidia. Meya wa North York, Mel Lastman, alikuwa amekaa miaka 25 kwenye kiti chake. Alikuwa muuza majokofu na majiko aliyejipatia jina kwa vituko vya matangazo. Naye aliupinga muungano, na ulipompita kichwani akagombea umeya wa jiji jipya, akamshinda hata meya wa Toronto ya zamani.

Lastman ndiye aliyetuletea balaa la Mombasa. Mwaka 2001 Toronto ilikuwa inaomba kuandaa Olimpiki za 2008, na kura za Afrika zilihitajika. Viongozi wa michezo wa bara letu walikuwa wanakutana Mombasa. Kabla ya kusafiri, meya alimwambia mwandishi wa habari kwamba haoni kwa nini aende mahali kama hapo. Alisema anajiona yuko ndani ya sufuria la maji yanayochemka, wenyeji wakicheza ngoma kumzunguka. Mombasa! Mji uliokuwa na misikiti ya mawe, forodha na washairi karne nyingi kabla Toronto haijawa na kibanda. Aliomba radhi kwa umma zaidi ya mara moja. Julai mwaka huohuo Olimpiki zikaenda Beijing. Zingekwenda Beijing hata bila ulimi wake, lakini sisi wa huku tulikuwa na la kusema barazani kwa mwaka mzima.

McCallion naye mwaka huohuo aliliambia gazeti moja kwamba chumba cha dharura cha hospitali ya mji kimejaa watu waliovaa mavazi ya kwao. Watu walikasirika, kwa haki. Nayataja haya ili msomaji asidhani namsimulia walii. Mtu mwenye funzo si lazima awe mtu wa kupenda wageni, na mimi niliyevaa kanga na kupeleka mtoto hospitali usiku nina haki ya kujifunza kwake na kumnung'unikia kwa wakati mmoja.

Umeya wake ulijaribiwa kabla haujatimiza mwaka. Usiku wa Novemba 10, 1979, muda mfupi kabla ya saa sita, treni ya mizigo ilikuwa inapita Mississauga, behewa lake moja likiwa na beringi ya ekseli iliyokosa mafuta ya kutosha. Beringi ilipata moto, ekseli ikachomoka, mabehewa yakaacha reli karibu na Mavis Road. Matangi ya gesi ya propani yakalipuka, miale ikaonekana kutoka mbali. Katikati ya moto huo palikuwa na tangi la klorini lililotoboka. Klorini ni sumu ile iliyotumika kuua askari katika Vita ya Kwanza ya Dunia.

Zaidi ya watu 200,000 walihamishwa, wakiwemo wagonjwa waliolazwa hospitalini na wazee wa kwenye makao. Kwa siku kadhaa sehemu kubwa ya mji ilikuwa tupu. Hakufa mtu hata mmoja. Meya alitegua kifundo cha mguu mapema katika shughuli hiyo, akaendelea kuchechemea kutoka mkutano hadi mkutano na kutoka kamera hadi kamera. Picha hizo ndizo zilizomfanya ajulikane Canada nzima. Sifa nyingi ni za polisi, wazima moto na mafundi wa kemikali, na yeye hakuwazuia kufanya kazi yao. Kiongozi wa aina hiyo ni adimu. Wengi wakifika kwenye ajali, ajali inasimama ili wapigwe picha.

Lakini treni hailipuki kila mwaka. Kazi ya meya wa mji kama huu kwa siku za kawaida ni ya kuchosha kuitazama. Ni taka, mifereji, taa za barabarani, vibali vya ujenzi, viwanja vya michezo, mabasi, theluji. Theluji hasa. Greda likipita usiku kusafisha barabara, linasukumia tuta la theluji kwenye mlango wa gari wa kila nyumba, na asubuhi tuta hilo limeganda likawa jiwe. Mwenye umri wa miaka sabini anatoka na koleo. Hapo ndipo serikali inapoonekana kwa macho. North York ya Lastman ilisifika kwa kuliondoa tuta hilo mlangoni, na hata baada ya miji kuunganishwa watu wa kule hawakukubali huduma hiyo ifutwe. Waziri mkuu wa nchi anaweza kukosea mambo ya dunia na usijue mpaka usome gazeti. Meya akikosea, unateleza.

Na meya wa Ontario, kwa miaka yote ile ya McCallion, hakuwa na rungu. Alichaguliwa moja kwa moja na wakazi wote, lakini ndani ya baraza alikuwa na kura moja tu sawa na diwani. Mamlaka makubwa zaidi walipewa mameya wa Mississauga mwaka 2023, yeye akiwa ameshafariki. Kwetu Tanzania mambo yanakwenda kinyume. Wananchi huchagua madiwani, madiwani humchagua meya kati yao, na mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais. Kwa hiyo meya wetu anaweza kuwa na joho na mkufu shingoni, huku ufunguo wa stoo uko kwa mwingine. Kenya wao waliufuta umeya kabisa. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza 175 ya miji na wilaya yalikwisha, zikabaki kaunti 47, na miji kama Malindi ikajikuta ndani ya tumbo la kaunti kama Streetsville ndani ya Mississauga. Sijui ni mameya wangapi wa miji ile walirudi kugombea uwakilishi wa wadi. Ningependa kukutana nao.

Kura moja, basi, kwa miaka 36. Aliwezaje? Alikuwapo. Alikuwa anahudhuria kila kitu: uzinduzi wa duka, mazishi, hafla za misikiti na mahekalu, mechi za watoto. Alisoma makaratasi kabla ya kikao, na diwani ambaye hakuyasoma aliumbuka. Hakufanya kampeni kama tunavyoijua. Hakubandika mabango wala hakukusanya pesa, na waliotaka kumchangia aliwaambia wapeleke kwa mashirika ya hisani. Wajenzi waliokuwa wakigeuza mashamba kuwa nyumba aliwatoza ada nzito, na kwa miongo mingi mji ukaishi bila deni. Hilo nalo lina upande wa pili. Mashamba yalipokwisha, ada zikapungua, na tumebaki na mji wa barabara pana na maduka makubwa ambao asiye na gari anausoma akiwa amesimama kituoni kwenye baridi.

Jambo hilohilo la kutosusa, kwa mtu huyohuyo, liligeuka ugonjwa. Asiyejua kuondoka akishindwa anaweza pia asijue kuondoka akishinda.

Mwaka 1982 jaji aliona kwamba McCallion alivunja sheria ya mgongano wa maslahi kwa kushiriki uamuzi uliohusu ardhi yake, ila hakumvua kiti. Baadaye likaja kubwa zaidi. Mwanawe alikuwa na maslahi katika kampuni iliyotaka kujenga hoteli na ukumbi wa mikutano karibu na makao makuu ya mji, na mama akausukuma mpango huo. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Douglas Cunningham ilitoa ripoti mwaka 2011 ikisema mgongano wa maslahi ulikuwapo, wa kweli na wa kuonekana. Mwaka 2013 kesi ya kutaka avuliwe umeya ilitupwa mahakamani. Kisheria alipona. Na wapigakura? Walimrudisha mwaka 2010, uchunguzi ukiendelea, kwa zaidi ya kura tatu katika kila nne.

Nimelifikiria sana hilo. Mtu akikaa mahali muda mrefu, anaanza kuamini kwamba jambo zuri kwa familia yake ni zuri kwa mji, na wala hadanganyi, anaamini kwa moyo. Mji nao unamzoea, unamsamehe kama unavyomsamehe bibi yako. Tuna watu wa aina hiyo katika vyama vyetu. Mweka hazina wa tangu siku ya kwanza, mwaminifu kabisa, ambaye daftari analo nyumbani na hakuna aliyewahi kuliona. Ukiuliza unaambiwa una adabu mbaya. Sisemi anaiba. Nasema daftari la jamii haliwi chini ya godoro la mtu mmoja kwa miaka ishirini, hata akiwa malaika.

Kwa hiyo mimi namchukua McCallion kwa nusu. Nampenda yule wa 1974, meya aliyefutiwa mji akakaa kwenye kiti cha diwani bila kununa. Yule wa 2010 namwogopa. Aliondoka mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 93, Bonnie Crombie akashika nafasi, na hata hapo hakukaa kitako. Alikuwa mkuu wa kwanza wa heshima wa chuo cha Sheridan na aliendelea kuitwa kwenye bodi hii na ile. Alifariki Januari 29, 2023, akiwa na miaka 101, akazikwa kwa heshima za serikali Februari 14, siku ambayo angetimiza 102.

Ontario haikumwacha apumzike. Kwa miaka mingi alikuwa akitaka Mississauga itoke kwenye mkoa wa Peel, ambao uliundwa pamoja na mji huo mwaka 1974. Miezi michache baada ya mazishi yake bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuuvunja mkoa huo, ikapewa jina lake. Kabla mwaka haujaisha serikali ikabadili mawazo, na Peel ipo hadi leo. Kuna njia ya treni ya mjini inayoitwa kwa jina lake pia. Arusha wana uwanja wa mpira wa Sheikh Amri Abeid, na wengi wanaoingia pale kuangalia mechi hawajui kwamba alikuwa mshairi na Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Jina la meya hubaki kwenye zege. Watu husahau kwamba alishughulika na mitaro.

Uchaguzi ujao wa miji ya Ontario ni Oktoba 26, 2026. Anayeweza kupiga kura ni raia wa Canada aliyetimiza miaka 18 na anayeishi mjini humo, au mwenye nyumba au aliyepanga pale. Wengi wetu tumeshaapa uraia na tuna picha za siku hiyo ukutani, lakini siku ya kura za mji tunakuwa kazini. Hatuko peke yetu: mwaka 2022 waliopiga kura Toronto hawakufika theluthi moja ya waliojiandikisha. Katika mji wa namna hiyo, ukumbi mmoja wa pilau unaweza kuamua nani awe diwani wa kata.

Nawaomba wale walioshindwa uenyekiti mwaka huu na ambao tayari wameshaanza kuandika katiba mpya, wafikirie tena. Kusajili chama kipya Ontario ni dola 155. Fomu ya kugombea udiwani ni dola 100, unarudishiwa ukipeleka hesabu zako kwa wakati, na katika miji mikubwa unahitaji saini 25 tu za wapigakura.